Lita Nne za Chalinze

Katika ukoo wa akina Leodegar huulizwi habari za safari kabla hujaulizwa "Ngapi?" Unafika Matombo umechoka, vumbi la barabara ya Mkuyuni limekujaa mpaka kwenye kope, na kabla hujapewa hata maji ya kunawa mtu ameshachungulia dirishani na swali lake. Haulizi mmekuja wangapi, wala mmetoka saa ngapi. Anauliza gari lako limekwenda kilomita ngapi kwa lita moja ya petroli, kutoka Mbezi Luis hadi Msamvu.

Clara, aliyeolewa katika ukoo huo akitokea Mbeya, alidhani mwanzoni ni utani wa Kiluguru ambao ungekwisha akishazoeleka. Haukwisha. Kanuni zilikuwepo, na ziliheshimiwa kuliko mifungo ya Kwaresima. Tenki linajazwa Mbezi Luis, karibu na stendi kuu ya mabasi, mpaka petroli ionekane mdomoni. Ukifika Msamvu, mlangoni mwa Morogoro, unajaza tena mpaka pale pale. Kilichoingia Msamvu ndicho gari lilichokunywa njiani. Unapiga picha mita ya pampu, unaituma kwenye grupu la familia, hesabu inapigwa. Krismasi ikifika, mwenye namba ndogo kuliko wote ananyonyoa kuku, na mwenye namba kubwa analetewa maini ya mbuzi kwenye sahani ya peke yake, anakula wenzake wakimtazama. Watu wazima wenye digrii na mvi wamewahi kununiana mwaka mzima kwa ajili ya sahani ile.

Na sahani ile, tangu Clara aijue, ilikuwa ya Leodegar, shemeji yake mkubwa, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mkazi wa Temeke. Alikuwa na Premio nyeupe yenye kibandiko cha Mtakatifu Kristofa kwenye kioo cha nyuma, na hakuruhusu mtu mwingine aipanguse. Wenzake wakipata kumi na tatu, kumi na nne, na aliyejinyima sana kumi na tano, yeye alituma ishirini na moja. Akiulizwa siri yake alitabasamu, akavuta kofia mbele kidogo, akasema siri ni mguu. Kanyaga kama unayepita karibu na kitanda cha mgonjwa, ndivyo alivyowafundisha, na wadogo zake wote walikuwa wameukariri msemo huo.

Aliyeukariri kuliko wote ni Erasmus, mume wa Clara. Erasmus alikuwa mpima ardhi, mtu wa namba, na namba ya kaka yake ilimkaa kooni. Alizima kiyoyozi, mke na mtoto wakaiva kwa joto. Alitoa tairi la akiba kwenye buti ili gari liwe jepesi. Kila mteremko aliweka nyutro, gari likateremka lenyewe injini ikinong'ona, naye akawa anapiga mluzi mwembamba kupitia pengo la meno, mluzi usio na wimbo. Mwisho akayagundua malori. Ukijibana nyuma ya semitrela, karibu kabisa, linakukingia upepo na wewe hukanyagi, unavutwa bure. Clara alimwambia siku moja kwamba hata nzi akiomba lifti kwa ng'ombe huangalia mkia uko wapi. Erasmus alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hiyo ataituma kwenye grupu.

Alikufa mwaka jana, akitangulia peke yake Matombo kwa Krismasi, mchana kweupe, mbele kidogo ya Vigwaza. Semi lilifunga breki ghafla, na gari lake, Spacio, likaingia chini ya tela. Trafiki hawakuona alama za tairi kwenye lami, wakasema dereva alisinzia. Ukoo mzima ukalipokea neno hilo na kulirudia msibani: alisinzia, maskini, alisinzia.

Hakuna aliyejua neno hilo lilimfanya nini Clara. Mkesha wa safari ile walikuwa wamegombana, yeye na Erasmus, ugomvi wa kijinga kuhusu mama mkwe kuhamia kwao Kawe. Kila Erasmus alipofumba macho, Clara aliongeza neno. Kwa hiyo watu walipokuwa wakisema alisinzia, yeye alisikia wakisema: ni wewe uliyemnyima usingizi. Mwaka mzima aliwafundisha darasa la nne hesabu za kugawanya akiwa na sentensi hiyo kifuani, na hakumwambia mchungaji wa kwao wala padri wa mumewe.

Baada ya arobaini, Leodegar alifika Kawe na Premio yake. Aliweka funguo mezani, akasema Loveness, binti wa marehemu, anakwenda kuanza chuo Morogoro, na mtoto wa Erasmus hawezi kugombania mabasi wakati baba yake mkubwa ana gari. Hakunywa hata chai. Alitoka, akaita bajaji, akaondoka bila kuliangalia gari alilolipenda kuliko ndugu wengine. Ukoo ulimsifu mpaka ukachoka. Mke wake, Bupe, alimwambia Clara kwenye simu kwamba mzee halali, amekonda, anapanda mabasi kama kijana asiye na kazi, na Clara akamwombea kila Jumapili. Laiti angejua anamwombea nani.

Mjini gari halikuwa na neno. Foleni ya Mwenge inafukuza hata mashetani. Tatizo lilikuwa barabara kuu. Mara ya kwanza Clara alipokwenda nalo Kibaha, kwenye mteremko wa Kiluvya alijikuta mkono wake uko kwenye gia na gia iko nyutro, na hakumbuki kuisogeza. Gari lilikuwa linateremka lenyewe, kimya. Halafu, kutoka kiti cha nyuma, akasikia mluzi mwembamba.

Clara alilelewa Kimoraviani na hakuwa mtu wa majini. Alifunga madirisha, mluzi ukabaki. Alilipeleka kwa fundi, fundi akabadilisha mipira ya milango yote minne, na safari iliyofuata, mteremko ule ule, mluzi ulikuwepo. Basi yeye akaacha kulitoa gari nje ya mji na hakusema kitu, hata kwa Loveness aliyekwenda nalo chuo na kurudi. Angesema nini? Kwamba mume wake aliyekufa anapenda miteremko?

Kwa hiyo ilipofika misa ya mwaka, iliyoangukia Krismasi, na Loveness akasema ataendesha yeye kwenda Matombo, Clara alikaa kiti cha kushoto akiwa amefumbata rozari ambayo hata si ya dhehebu lake. Kwenye sheli ya Mbezi Luis, Loveness alimwambia mhudumu ajaze mpaka ionekane mdomoni. Clara alimuuliza ya nini, wao si wa mashindano mwaka huu. Binti alisema ni mazoea tu. Lakini alipoketi tena alizima kiyoyozi, na mama yake akamtazama pembeni. Alikuwa na pua ya Erasmus, na leo alikuwa na uso wake wote.

Walipopita Kibaha, Loveness aliunganisha simu na spika za gari. Sauti iliyotoka haikuwa ya muziki.

"Hapo usikanyage, mwanangu. Weka nyutro, uliache lijiendee. Kuna mtu mgonjwa kalala, unapita pembeni yake, eeh?"

Ilikuwa sauti ya Erasmus, nzima, yenye kikohozi chake kidogo mwishoni. Alikuwa akimrekodia binti yake mafunzo hayo enzi za leseni ya kujifunzia, na Loveness alikuwa ameyahifadhi yote. Sasa aliyafuata moja baada ya jingine. Baba alisema nyutro, akaweka nyutro. Baba alisema tafuta mkubwa ujifiche, na baada ya Mlandizi mkubwa akapatikana, semi lenye turubai la kijani. Loveness akasogea, akasogea tena, mpaka Clara akaweza kusoma namba za chasisi kwenye bodi la tela. Aliomba kwa upole, halafu aliamuru, na binti hakuonekana kusikia. Ndipo Clara alipoinyakua simu na kuizima.

Semi lilinguruma mbele yao. Kisha, nyuma yao, katikati ya kiti kile kitupu, mluzi ukaanza.

Clara aligeuka kumtazama binti yake, akamkuta anamtazama.

"Mama, na wewe unamsikiaga?"

"Punguza mwendo, Love."

"Unamsikia au humsikii?"

"Namsikia. Punguza mwendo, nakuomba."

Loveness alipunguza. Lori likasogea mbele, upepo ukaanza kulitikisa gari, na mluzi ukafifia lakini haukwisha. Ndipo yalipomtoka binti yale aliyoyafungia mwaka mzima. Alisema baba hakusinzia. Alisema ana ujumbe mwingine, wa mwisho, uliotumwa siku ile kutoka barabara hii hii, na hakuwahi kumpa mtu ausikilize. Clara alimrudishia simu.

"Love, niko nyuma ya semi hapa, sikanyagi kabisa. Linanivuta lenyewe. Leo baba mkubwa wako, hayo maini atayasikia harufu tu." Halafu kicheko, halafu mluzi, halafu basi.

Hakuwa na usingizi hata chembe. Clara alivuta pumzi ikafika mahali ambapo haikuwa imefika tangu mazishi, akajisikia mwepesi, akaona aibu kwa wepesi huo. Kisha akamwangalia mtoto wake, na pumzi ile ile ikamchoma, kwa sababu Loveness alikuwa analia huku macho yake yako kwenye lami, akiendelea kusema.

"Mimi ndo nilimchochea. Asubuhi ile nilimwambia, baba, leo mvue taji baba mkubwa. Akaenda kumvua. Ndo maana hatulii, mama, kazi yake haijaisha. Nikiifikisha mimi hiyo ishirini na moja, atapumzika. Nimeshafika kumi na sita. Nikijibana zaidi kidogo nafika."

Clara alielewa basi kwamba huyu mtoto amekuwa akiitafuta namba hiyo peke yake, kila alipokwenda na kurudi chuo, nyuma ya malori, na kwamba ataendelea kuitafuta. Alimsihi kwa jina la Mungu, akamsihi kwa jina la marehemu. Alimwambia atauza gari. Loveness alijibu kwa adabu kabisa kwamba basi atafanya hivyo kwa gari jingine. Sikio la kufa halisikii dawa, na Clara aliyaona mazishi ya pili waziwazi, mpaka na gauni atakalovaa. Alichoweza kufanya ni kumwomba wapumzike Chalinze, waoshe nyuso, ndipo waendelee.

Loveness aliingia sheli ya kwanza aliyoiona, upande wa kushoto, ndogo, yenye pampu mbili. Si sheli waliyowahi kusimama hata siku moja. Lakini mhudumu, mama wa makamo mwenye ushungi wa zambarau, alilikuta gari njiani kama mwenyeji anayepokea mgeni, akaligonga ubavuni kwenye mfuniko wa tenki.

"Fungua basi. Lita nne, eeh?"

Loveness alimwambia hawajaja kuweka mafuta. Yule mama akainama kuchungulia ndani, akashangaa kukuta wanawake peke yao.

"Hii si gari ya mzee Leo wa Temeke? Mie siwezi kuikosea na hilo picha lake la nyuma. Huwaga nampa nne, hazipungui hazizidi. Sikukuu zote. Nikamuuliza siku moja, baba, mtu mzima na gari zuri hivi, nne za nini? Akacheka, akasema hizi za siri. Sasa toka mwaka jana simwoni. Mzima lakini?"

Clara alisema mzima. Alimuuliza jina, akaambiwa ni Somoe, na amekuwepo kwenye pampu hiyo tangu sheli ifunguliwe, miaka chungu nzima. Akamshukuru. Akatembea hadi kwenye kivuli cha ukuta wa choo, akasimama hapo akitazama magari yanayopita.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la nne. Ukijaza Mbezi Luis, ukaja ukaongeza nne hapa Chalinze mahali ambapo hakuna anayekujua, ukifika Msamvu tenki linakuwa limebakiza nafasi ndogo tu. Pampu inasoma kidogo. Unapiga picha, na picha yenyewe si ya uongo. Ziondoe hizo lita nne kwenye hesabu, unapata ishirini na moja. Zirudishe mahali pake, unapata kumi na nne, kama watu wote. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini hii ya Leodegar ilikuwa imewafikisha wengine mbali sana.

Loveness alikuwa amemfuata. Yeye naye alikuwa ameshaipiga hesabu. Mtoto wa mpima ardhi.

"Kwa hiyo haipo," alisema.

"Haipo, mwanangu."

"Baba alikuwa anakimbiza kitu ambacho hakipo."

Clara alimshika mtoto wake, wakasimama pale penye harufu ya petroli na mkojo, na ilichukua muda kabla hawajarudi garini. Kutoka Chalinze mpaka Msamvu hakuna aliyejibana nyuma ya lori lolote. Mluzi nao ulikuwa umekoma. Lakini kiti cha nyuma hakikuwa kitupu; wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeuliza swali na anasubiri jibu. Msamvu walipita bila kujaza, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo ule gari lilipanda Matombo bila picha.

Misa ilikuwa nzuri, na kaburini waliweka maua. Leodegar alikuwepo, amekonda kweli, kofia imemlegea kichwani. Loveness alimpa shikamoo kwa kuwa kalelewa, lakini ilitoka baridi, na mzee aliisikia ubaridi wake. Baada ya chakula, watu walipoanza kulegea na utani kurudi, kijana mmoja wa ukoo alimuuliza Loveness: haya, ngapi? Wakati huo huo sahani ya maini ilitoka jikoni, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikatua mbele ya Leodegar, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka huu alikuja na basi.

Clara aliweka glasi yake chini.

"Shemeji," alisema, "Somoe wa Chalinze anakusalimu."

Bupe alimgeukia mumewe kwa jicho ambalo kila mke analijua, na wanawake wote pale ukumbini wakageuza la kwao. Maskini Bupe, alidhani ni hawara. Ingekuwa heri. Leodegar alitazama maini, akaisukuma sahani taratibu mpaka ukingoni mwa meza, akainuka na kutoka nje. Clara alimfuata. Alimkuta amesimama hatua chache kutoka kwenye Premio, kama mtu anayeogopa mbwa aliyefungwa.

Alimweleza bila kuulizwa. Mara ya kwanza ilikuwa utani. Alitaka kuwacheka wenzake, halafu awaambie mwisho wa chakula. Lakini walimpigia makofi, na mama yake, aliyempenda zaidi Erasmus siku zote, alimletea maini kwa mkono wake mwenyewe. Krismasi iliyofuata asingeweza kuja na kumi na nne. Alipopigiwa simu kwamba mdogo wake amekutwa chini ya semi, alijua palepale hakusinzia. Alijua alikuwa anatafuta nini pale.

"Nililiendesha mara moja tu baada ya mazishi," alisema. "Akaja. Anakaa nyuma. Nilipofika Chalinze akaniuliza, 'Ngapi, kaka?' Hanilaumu, Clara. Angenilaumu ningepata nafuu. Anauliza tu, kwa ile sauti yake, kama anayetaka kujifunza. Nikashindwa kumjibu. Ndo nikalileta kwenu."

Clara alihisi hasira ikipanda kutoka miguuni, na hakuizuia.

"Ukamletea mtoto wangu mzigo wako, na watu wakakushukuru. Huyu naye ameingia nyuma ya malori kuitafuta hiyo namba yako ya uongo. Na mie mwaka mzima nimejiita muuaji, kwa sababu mlisema alisinzia na wewe ukaitikia, unajua si kweli." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Utaingia ndani uwaambie. Halafu kesho unarudi na sisi, na unakaa nyuma. Akikuuliza, umjibu."

Aliwaambia. Alisimama mbele ya ukoo wake, kofia mkononi, akaeleza lita nne za Chalinze tangu mwanzo. Mama yake, bibi kizee aliyekaa mkekani, aliuliza neno moja tu, kama Erasmus alijua. Leodegar alisema hapana, mama. Bibi akajifunika khanga usoni. Maini yale hakuyala mtu, na wale vijana walioyatamani miaka yote walipita mbali na meza.

Kesho yake waliteremka Mkuyuni asubuhi, Loveness kwenye usukani, Clara kushoto, Leodegar nyuma. Alikaa ukingoni kabisa, bega limegusa mlango, ameacha nafasi kubwa kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Msamvu hawakusimama.

Baada ya Mikese walikuta semi likienda kwa mwendo wa kutamanisha, na mbele yake mteremko mrefu. Mluzi ukaanza. Leodegar hakupiga kelele. Alisogea tena kidogo, akampisha. Clara aliutazama mkono wa binti yake. Ulikuwa umefika kwenye gia. Ulikaa pale, vidole vimefumba, wakati turubai la lori likikaribia na upepo ukianza kupungua kwenye vioo. Halafu Loveness akaurudisha mkono kwenye usukani, akainua mguu, na kuliacha lori liende zake mpaka likawa dogo. Alikuwa anatokwa jasho.

Chalinze ilipoanza kuonekana, mluzi ulikoma. Tangu mazishi Clara hakuwa ameisikia sauti yenyewe, isipokuwa kwenye simu. Aliisikia sasa, nyuma ya sikio lake la kulia, ya chini, yenye uchovu wa safari.

"Ngapi, kaka?"

Leodegar alilia kwanza. Alilia kwa sauti mbaya ya mtu mzima asiyezoea. Kisha akajibu, uso umegeukia upande ule mtupu wa kiti.

"Kumi na nne, mdogo wangu. Sikuwahi kupata zaidi. Hata siku moja."

Loveness alikata barabara, akaingiza gari kwenye ile sheli ndogo, ambayo sasa ilikuwa upande wa kulia. Somoe aliwaona kwa mbali, akaja anatabasamu, akasema baba kumbe upo, akashika mpira wa pampu na kuuliza kama ni zile nne. Leodegar alifungua mlango, akajifuta uso kwa kofia, akamwambia ajaze mpaka ionekane.

Kutoka hapo barabara ilikuwa barabara tu. Mlandizi, Kibaha, mteremko wa Kiluvya. Loveness aliteremka na gia, injini ikikoroma na kunywa petroli yake kama gari lolote. Leodegar alikuwa amelala nyuma, mdomo wazi, amejinyoosha kiti kizima. Clara alitega sikio. Alifunga kioo, akafungua, akafunga tena. Hapakuwa na mluzi, palikuwa na upepo tu. Walipofika Mbezi Luis alikuwa analia, na Loveness alipomuuliza kulikoni, alimwambia ukweli, kwamba mwaka mzima aliogopa kile kiti cha nyuma, na sasa hivi ndipo amefiwa.